Kabla Hujasema Ndiyo: Maswali ya Kumwuliza Mwajiri

Ndugu wafanyakazi, na hasa ninyi vijana mnaotafuta kazi hapa Uganda, wengi wanaotuletea malalamiko, tukiwauliza walipatana nini na mwajiri siku ya kwanza, hujibu: "Sikuuliza." Walijibu kila walichoulizwa, na walipoambiwa, "Una swali?" wakasema, "Hapana, bwana." Sababu twaijua. Mwenye njaa huogopa kwamba swali litamkosesha kazi, na nje ya geti wamo wengine wengi wanaoingoja.

Lakini Sheria ya Ajira ya mwaka 2006 humpa mwajiri hadi wiki 12 tangu uanze kazi kabla ya kukukabidhi masharti yako kwa maandishi. Katika wiki hizo huna karatasi, una maneno mliyosemezana tu. Usipouliza, hata maneno huna.

Swali la kwanza: mwajiri wangu ni nani? Wengi huliona la kijinga, kumbe ndilo lililotupa taabu kuliko yote. Kijana mmoja alipakia mizigo kiwandani miezi saba. Alipoumia mguu, kiwanda kikasema huyo ni mtu wa wakala. Wakala akasema yeye hukusanya watu tu. Na kitambulisho cha kijana kilikuwa na jina la kampuni ya tatu! Basi uliza: nani atatia saini mkataba wangu, na nani atanilipa? Liandike jina hilo.

Kisha uliza: mimi ni kibarua au mwajiriwa? Kwa kanuni za mwaka 2011, aliyefanya kazi miezi minne mfululizo si kibarua tena, naye anastahili mkataba wa maandishi. Wako waajiri wanaowapumzisha watu mwisho wa mwezi wa nne, halafu huwaita upya kama wageni. Waulize walio getini wamekaa muda gani.

Katika mshahara, usitegemee kima cha chini: shilingi 6,000 kwa mwezi ziliwekwa mwaka 1984, na mswada wa kukibadili uliopitishwa na Bunge mwaka 2019 haukutiwa saini. Uliza kiasi kitakachofika mkononi baada ya kukatwa sare na chakula. Uliza pia habari za NSSF: asilimia 5 yatoka kwako, 10 kwa mwajiri. Akisema kampuni yake ni ndogo mno, mjibu kwa upole kwamba tangu mwaka 2022 udogo si udhuru. Ukishaanza, ikague akaunti yako mwenyewe, maana kukatwa si sawa na kupelekwa.

Saa za ziada, yaani zaidi ya 8 kwa siku au 48 kwa wiki, hulipwa mara moja na nusu. Uliza nani anayeziandika.

Na bwana akikasirika? Hatuwezi kumlaumu mwenye watoto wanne akiichukua kazi hivyo hivyo. Ila usiku huohuo aandike katika daftari aliyoambiwa, tarehe, na jina la aliyeyasema. Ugomvi ukija, alipeleke daftari hilo kwa Afisa wa Kazi wa wilaya, na apitie kwetu kwanza ili tuende pamoja.