Mguu wa chuma huokoa kiungo, lakini haudumu milele

KWA miaka mingi, kijana aliyepatikana na saratani ya mfupa wa mguu hakuwa na budi kukatwa kiungo hicho. Hali ilianza kubadilika katika miaka ya 1970, madaktari walipoanza kutumia dawa kali za kuua seli za saratani pamoja na upasuaji. Siku hizi wagonjwa wengi wanaotibiwa katika hospitali zenye wataalamu huondolewa sehemu iliyougua pekee, na mahali pake hutiwa mfupa bandia wa chuma.

Je, chuma hicho hudumu kwa muda gani?

Swali hili ni zito kwa sababu osteosakoma, saratani ya mifupa inayowapata zaidi vijana, huzuka sana karibu na goti. Kijana wa miaka 15 anayepona ana matumaini ya kuishi miaka mingine 50 au zaidi.

Utafiti uliochapishwa mwaka wa 2007 na madaktari wa Birmingham, Uingereza, kuhusu wagonjwa 335 waliowekewa chuma sehemu ya chini ya mfupa wa paja, ulionyesha kuwa uwezekano wa kurudia upasuaji ulikuwa asilimia 17 baada ya miaka mitano, asilimia 33 baada ya miaka 10, na asilimia 58 baada ya miaka 20.

Sababu ni kadhaa. Chuma huweza kulegea ndani ya mfupa, kuvunjika, au kukosa misuli ya kukishikilia. Saratani nayo huweza kurejea.

Tishio kubwa, hata hivyo, ni maambukizi. Bakteria wakishatua juu ya chuma hujifunika utando ambao dawa hupenya kwa shida. Utafiti wa mwaka wa 2022, uliohusisha wagonjwa 604 katika mataifa 12, ulibainisha kuwa kutoa viuavijasumu kwa siku tano baada ya upasuaji hakukuzuia maambukizi kuliko kuvitoa kwa siku moja.

Ufundi umeimarika pia. Magoti ya awali yalijikunja na kunyooka tu, mfano wa bawaba ya mlango. Kila mgonjwa alipogeuka, msokoto uliishia kwenye shina la chuma, likalegea. Magoti ya kisasa huzunguka kidogo, na hivyo kupunguza mkazo huo.

Kwa hivyo, mgonjwa na jamaa zake wanapaswa kuelezwa mapema kwamba huenda upasuaji ukarudiwa, na kwamba kurudiwa huko si lazima kumaanishe saratani imerejea. Hata baada ya miaka 20, bado yafaa kwenda kliniki na kupigwa picha za eksirei. Homa, uvimbe au maumivu mapya mguuni ni sababu ya kumwona daktari bila kukawia, kwani maambukizi yakikita mizizi, mguu uliookolewa huweza kukatwa hatimaye.