Karani wa makaa aliyemkagua Waziri wa Fedha

Mwaka 1903 James Couzens, mzaliwa wa Chatham nchini Kanada, alikuwa karani wa mfanyabiashara wa makaa ya mawe jijini Detroit, Marekani. Bosi wake, Alexander Malcomson, alipoungana na fundi Henry Ford kuanzisha kampuni ya magari, karani naye alitaka hisa. Alikusanya akiba yake dola 400, bonasi dola 500 na dola 100 za dada yake Rosetta, mwalimu wa shule. Dola 1,500 zaidi aliziandikia hati ya deni.

Ford alishughulika na mitambo; Couzens alishika vitabu vya hesabu na mauzo, na hakuwa na simile na mtu. Januari 1914 ndiye aliyewasomea waandishi wa habari tangazo la ujira wa dola 5 kwa siku, karibu maradufu ya ule wa awali. Mwaka uliofuata alikorofishana na Ford, akabwaga manyanga. Alipouza hisa mwaka 1919 alipata zaidi ya dola milioni 29. Dola 100 za Rosetta zilikuwa zimezaa zaidi ya 260,000.

Wengine wangekaa kula jasho lao. Yeye akawa meya wa Detroit, na jiji likazinunua tramu zilizokuwa za kampuni binafsi. Mwaka 1922 aliteuliwa seneta wa Michigan.

Huko Washington jicho la karani halikulala. Mwaka 1924 alishinikiza Seneti ichunguze jinsi kampuni kubwa zilivyopunguziwa kodi chini ya Waziri wa Fedha Andrew Mellon, tajiri na Republican mwenzake. Uchunguzi ukiwa umepamba moto, serikali ikamgeukia: ikamdai kodi ya zaidi ya dola milioni 10 kwa zile hisa alizouza. Alikata rufaa. Mwaka 1928 ikaamuliwa kwamba alikuwa amelipa kupita kiasi, akarejeshewa karibu dola milioni moja.

Mwaka 1929 alitoa dola milioni 10 kwa ajili ya watoto wa Michigan, kwa sharti kwamba mtaji na faida vyote vitumike ndani ya miaka 25. Mwaka 1936 alimuunga mkono Rais Roosevelt wa chama cha Democratic. Wanachama wenzake wa Republican wakamnyima tiketi ya kugombea tena useneta, na Oktoba akafariki. Mfuko wake wa watoto ulifungwa mwaka 1954, muda ule ule alioupanga: hata sadaka yake ilikuwa na tarehe ya kufunga hesabu.