MIPAINI YAKO INAKAUKA? TAZAMA KABLA YA KUSHIKA SHOKA

Ndugu mkulima, mpaini unaponyauka si jambo dogo. Mti huo ni mbao za nyumba, ni karo ya watoto, tena ni kinga ya upepo kwa mimea na ng'ombe. Katika mashamba ya skimu yaliyogawanywa tangu miaka ya 1960, kama vile Kinangop na Ol Kalou, upepo ni mkali na kinga hiyo yatakikana sana. Kumbuka pia kwamba mpaini si kama mkaratusi: ukiukata hauchipuki tena. Kwa hiyo jua kwanza shida ni nini.

Majani ya zamani, yaliyo ndani karibu na shina, hukauka na kuanguka. Hiyo ni desturi ya mti, wala si ugonjwa. Lakini majani machanga ya kwenye ncha yakikauka, chunguza mambo haya matatu.

SUFI NYEUPE. Ukiona kitu kama sufi ya kondoo kwenye vichipukizi, mahali majani yanapoota, hao ni vidukari. Waligunduliwa Kenya mwaka 1968, baada ya kuja na vikonyo vya mipaini vilivyoletwa kutoka Australia. Wote ni majike, na hutaga mayai bila dume. Mmoja tu aweza kuanzisha kundi zima. Hufyonza utomvu mpaka vichipukizi vikadumaa au kufa. Watoto wao huchukuliwa na upepo, tena husafiri pamoja na miche.

PETE NYEKUNDU. Majani yakiwa na vipande vyekundu mfano wa pete, hasa matawi ya chini, huo ni ukungu, si mdudu. Dawa ya wadudu haitausaidia mti huo. Ugonjwa huu ulienea nchini mapema katika miaka ya 1960, ukaharibu sana mipaini aina ya radiata, hata upandaji wake ukaachwa. Aina ya patula, ambayo asili yake ni Meksiko, huustahimili.

HAKUNA SUFI WALA PETE. Basi tazama ardhi. Huenda miti imesongamana, au maji yanasimama kwenye mizizi, au udongo ni mchache juu ya mwamba. Mti dhaifu hauna nguvu ya kushindana na wadudu wakati wa kiangazi.

Sasa fanya hivi:

1. Punguza miti iliyosongamana. Ondoa kwanza ile dhaifu na iliyopinda, uache iliyo bora ipate maji na mwanga. Unapopanda upya, acha mita 2.5 kati ya mche na mche.

2. Kata matawi yaliyokufa, lakini unapopogoa usipite nusu ya urefu wa mti.

3. Usipoteze fedha kunyunyizia dawa miti mirefu. Dawa haifiki juu, sufi huwakinga vidukari, na wadudu wema wanaowala vidukari hufa.

4. Kagua kila mche kabla ya kuununua. Wenye sufi uukatae.

5. Usipande aina moja peke yake. Changanya na mgrevilea, ambao haushambuliwi na vidukari hawa. Wala usidhani msaipresi utakuokoa: nao una vidukari wake, waliofika Kenya mwaka 1990.

Mwisho, wadudu hawajui mpaka wa shamba. Ukisafisha kwako peke yako na jirani asifanye lolote, upepo utakurudishia adui. Kutaneni wenye mashamba yanayopakana, mchague siku, mpite mstari kwa mstari mkiweka alama kwenye miti ya kuondolewa. Msipopatana juu ya mti fulani, uacheni kwanza. Tieni tawi lake ndani ya mfuko uliofungwa vizuri, mlipeleke kwa afisa wa misitu aliye karibu nanyi. Kungoja siku chache ni nafuu kuliko kukata mti mzima wa miaka kumi.