Mtihani wa Historia Kidato cha Sita: Usingizi Nao ni Masomo

Kila mwaka unapokaribia mwezi wa Mei, wakati watahiniwa wa kidato cha sita hapa Tanzania wanapofanya mtihani wao wa mwisho, tunaletewa swali lile lile: tumpe mtoto kitu gani asisinzie? Aghalabu anayeuliza ni mzazi wa mtoto anayesoma mchepuo wenye Historia, maana madaftari yake ni mengi na siku zimebaki chache. Jibu letu huwa halipendwi. Mwacheni alale.

Tueleze sababu. Somo hilo lina karatasi mbili, moja ikielekea zaidi Afrika na watu weusi walioko nje ya bara, nyingine mambo ya dunia kama vile kukua kwa ubepari na vita kuu. Kila karatasi ni ya saa 3, nayo huandikwa insha, tena kwa Kiingereza. Mtahiniwa mwenye insha 5 za kujibu ana dakika 36 kwa kila moja, na humo humo asome swali, apange hoja na kujaza kurasa kwa mkono.

Chukueni mfano wa Mdororo Mkuu wa Uchumi ulioanza mwaka 1929. Mtoto aliyekariri ataorodhesha: bei zilianguka, viwanda vilifungwa, watu walikosa kazi. Lakini msahihishaji anataka kuonyeshwa jinsi anguko la soko la hisa la New York lilivyomfikia mkulima wa kahawa Kilimanjaro na kibarua wa mkonge Tanga. Viwanda vya ng'ambo vilipunguza kununua malighafi, bei ya mazao ikashuka, kodi ya mkoloni ikabaki pale pale, na mkulima akahimizwa alime zaidi ili kufidia pengo. Mtu aliyelala saa 3 tu aweza kuukumbuka mwaka 1929, lakini uzi wa kuunganisha mambo hayo humkatikia njiani.

Tuliliona hilo kwa binti wa jirani yetu. Alikuwa na akili nzuri, ila kwa majuma mawili alisoma usiku huku miguu ameiloweka katika beseni la maji baridi. (Sisi nasi tulipokuwa shuleni tulifanya hivyo, tena kwa majivuno.) Katika chumba cha mtihani alijibu maswali mawili vizuri, la tatu akalianza, kisha akabaki anasoma sentensi moja mara nyingi bila kuielewa. Alitoka akilia. Maji ya beseni yalimzuia kusinzia, basi. Hayakuusaidia ubongo wake kushika alichosoma, kwa kuwa ni wakati wa usingizi ndipo ubongo huimarisha mambo tuliyojifunza mchana. Kijana wa umri huo anahitaji kama saa 8 za kulala.

Kahawa, chai nzito na vile vinywaji vya makopo vya kuongeza nguvu vina kafeini, na saa 5 hivi baada ya kunywa, karibu nusu yake huwa bado imo mwilini. Anayekunywa saa 3 usiku ataipata saa 8 ya usiku ikiwa bado inafanya kazi.

Basi asome vipi, ikiwa hakeshi? Afunge daftari na kuandika anachokumbuka, kisha alifungue aone alichosahau. Mwaka 2006 wataalamu wawili wa Marekani, Henry Roediger na Jeffrey Karpicke, walilinganisha wanafunzi waliorudia kusoma habari fulani na waliosoma mara moja kisha wakajipima kwa kuikumbuka. Baada ya dakika 5 waliorudia kusoma ndio waliokuwa mbele. Baada ya juma moja wao walikumbuka asilimia 42, na waliojipima asilimia 56. Ndiyo maana mtoto anayesoma na kusoma tena hujiona anajua, hadi siku ya mtihani.

Hapa mzazi ana kazi, hata kama hajui Kiingereza. Jioni wakati wa kuchambua mchele mwambie mwanao, "Hebu nieleze, kwa nini Majimaji ilishindwa?" Ajibu kwa Kiswahili. Akitaja bunduki za Wajerumani, muulize kwa nini basi vita viliendelea kuanzia 1905 hadi 1907. Akikwama, hapo ndipo pa kurudia. Kesho yake aiandike hoja hiyo kwa Kiingereza, saa ikiwa mezani, ili mkono nao uzoee kuandika muda mrefu.

Chakula kisiwe cha ajabu. Uji asubuhi, maharage, dagaa, mboga za majani, yai likipatikana. Mabinti wengi hupungukiwa damu, nao huonekana wavivu kumbe wamechoka kweli. Chai ya majani wasinywe pamoja na mlo, kwani huzuia madini ya chuma kuingia mwilini. Homa ikimpata apimwe malaria siku hiyo hiyo, asipewe vidonge vya kubahatisha. Na aliye nyumbani asiteke ndoo zote peke yake eti kwa kuwa ni msichana.

Liko jambo moja zito. Kijana akiacha kula, akijitenga, au akisema kwamba akifeli hana haja ya kuishi, msimkemee wala msidhani anadeka. Muulizeni waziwazi kama anafikiria kujidhuru. Msimwache peke yake, wekeni mbali dawa za wadudu na vidonge, na mpelekeni kituo cha afya upesi. Mtihani waweza kurudiwa mwaka mwingine.

Usiku wa mwisho aandae kalamu mbili zinazoandika, saa ya mkononi na namba yake ya mtihani, ale mapema, na madaftari yafungwe ifikapo saa 3. Redio nayo izimwe, hata kama ni ya baba.