Stet: Neno Lisimame

Wengi wa wasomaji wa safu hii hawajapata kuiona prufu, yaani ile karatasi ya majaribio inayokaguliwa kabla gazeti lenyewe halijapigwa chapa. Ukiiona utadhani kuku mwenye wino miguuni amepita juu yake. Katika michoro hiyo yamo maneno ya Kilatini. Dele maana yake ni "futa", na kile kitanzi wanachokichora wakaguzi ni herufi d ya neno hilo iliyopindwapindwa na mikono mingi. Caret, yaani "hapa pamepungua", ndicho kijikofia kinachoonyesha mahali pa neno lililosahauliwa. La tatu ndilo nilipendalo: stet.

Hili hutumika mkaguzi anapotambua kwamba alichokikata hakikustahili kukatwa. Huweka nukta chini ya neno lile, akaandika stet pambizoni, naye mpanga herufi huliacha kama lilivyokuwa. Asili yake ni kitenzi stare, kusimama. Stat ni "linasimama". Stet ni "lisimame". Mswahili hahitaji kufundishwa sana hapa, kwani kama sisi tunavyogeuza a ya mwisho kuwa e tunapotoka kwenye habari kwenda kwenye agizo, ndivyo Warumi walivyofanya katika kitenzi hiki. Kanuni za Uingereza siku hizi huweka alama ya vema ndani ya duara mahali pa neno hilo. Mimi naona wamepoteza kitu.

Watu wa Mbinga wataelewa kwa nini nayasema haya. Maguu ni kata ya Umatengo, nchi ya milima, kahawa na mashamba ya ngolo (nalo neno hilo wakaguzi hupenda kuligeuza "ngoro"). Asiyeijua Maguu hudhani ni miguu mikubwa, au ni Magu iliyoandikwa vibaya, kwa maana Magu ni wilaya ya Mkoa wa Mwanza, upande wa pili kabisa wa nchi.

Zamani, katika gazeti nililolitumikia, ililetwa tanzia ya mzee mmoja ambaye angezikwa Maguu. Mpanga herufi aliliandika jina sawasawa. Kalamu iliyoikata u moja ilikuwa yangu. Nilipolisoma tena nilisita, nikafikiri kuuliza, lakini mashine zilikuwa zinangoja nami nikaipitisha karatasi.

Baada ya wiki mbili hivi alikuja ofisini mzee aliyefanya kazi na marehemu katika mashamba ya mkonge huko Tanga. Alijua rafiki yake ni mtu wa kusini, lakini akadhani labda uzeeni alihamia kwa mwanawe. Gazeti lilikuwa limeandika. Akatumia akiba yake ya nauli kwenda Magu, akazunguka siku mbili akiulizia msiba usiokuwapo. Habari za kweli zilipomfikia, matanga yalikuwa yamekwisha kuanuliwa, na fedha ya kwenda Mbinga hakuwa nayo.

Hakunigombeza. Aliomba tu aonyeshwe mahali kosa lilipoingilia. Nikaitafuta prufu, nikamwonyesha ile u iliyokatwa. Aliiangalia kwa muda mrefu, akauliza kama katika kazi yetu hakuna njia ya kulirudisha neno lililokatwa kimakosa. Nikamjibu kwamba ipo, na kwamba ni neno moja fupi tu. Akaomba apewe karatasi ile, akaikunja, akaitia mfukoni, akaaga.