Mtoto Mwenye Usikivu Hafifu na Shimesikio Darasani

Wanachuo wanaporudi kutoka mazoezi ya kufundisha katika shule za Handeni na Korogwe, mara nyingi hutueleza habari za mtoto asiyefuata maelekezo, ambaye daftari lake la imla limejaa makosa. Wengine humwita mvivu. Wengine husema kwao huzungumzwa Kizigua au Kisambaa tu. Huenda ikawa kweli. Lakini kabla ya kutoa hukumu hiyo, yafaa kuyatazama makosa yenyewe.

Shirika la Afya Duniani, katika viwango vyake vya mwaka 2021, huhesabu upungufu wa desibeli 20 hadi chini ya 35 kuwa hafifu. Mtoto wa namna hii si kiziwi. Ukimwita huitika. Irabu, ambazo zina nguvu, humfikia. Konsonanti nyepesi kama s, f, sh na t humpotea, hasa penye kelele. Hivyo ukisoma «fika» huandika «shika». Ukisoma «pata» huandika «kata». Irabu ni sahihi, konsonanti zimebadilika.

Msomee maneno hayo ukiwa hatua moja kutoka kwake, kisha ukiwa mbele ya darasa, na mara zote mbili ufiche mdomo kwa daftari, kwani watoto hawa husoma midomo pasipo kujijua. Makosa yakipungua sana ukiwa karibu, shaka yetu iwe juu ya masikio, na mzazi ashauriwe kumpeleka hospitali. Pengine ni nta iliyoziba au sikio linalotoa usaha, na tiba itatosha. Asichokolewe kwa njiti wala asitiwe mafuta.

Wako watakaopewa shimesikio, yaani kifaa cha kukuza sauti kinachovaliwa sikioni. Hapa ndipo matumaini huzidi uwezo wa kifaa. Wazazi, na walimu pia, hukifananisha na miwani: ukivaa, umepona. Sivyo. Shimesikio hukuza sauti ya mwalimu, na hukuza pia madawati yanayoburutwa na kelele za darasa la jirani. Siku za kwanza mtoto huchoshwa na sauti alizokuwa hazijui, akakivua. Akikemewa, hukificha mfukoni, na hapo gharama yote imekwenda bure. Avae kwa muda mfupi kwanza, mahali patulivu, akiongeza kidogo kidogo. Betri pia huisha, na jasho hukidhuru.

Tabora ina shule ya viziwi tangu 1963 na Buguruni tangu 1974, lakini mtoto tunayemzungumzia mahali pake ni darasa lako. Akae mbele, upande sikio lake zuri lielekee kwako. Usifundishe huku umeugeukia ubao. Na masika yanapopiga bati hata wenye masikio mazima wasisikie, acha imla. Andika ubaoni, wasome.