Kwa nini kitatuzi cha Linux hugoma kikihamishiwa Mac

CHUKUA mfano wa kijana wa Kamukuywa, soko lililoko kando ya barabara kuu ya Webuye-Kitale katika Kaunti ya Bungoma, aliyeandika programu ya kujumlisha magunia ya mahindi ambayo wakulima wamepeleka ghalani. Kwa wiki kadhaa hesabu zinatoka sawa. Kisha siku moja jumla ya mkulima mmoja inapungua kwa magunia mawili, na hakuna ajuaye yamepotelea wapi.

Kuisoma programu mstari kwa mstari hakumsaidii. Anahitaji kitatuzi, yaani programu inayoisimamisha programu nyingine katikati ya kazi na kuipekua: nambari ipi imehifadhiwa wapi, na ni mstari gani ulioiharibu. Wenye simu za Android zilizowekewa Kiswahili huenda wamekutana na neno hilo katika kipengee cha 'utatuzi wa USB'.

Miongoni mwa vitatuzi maarufu katika ukoo wa mifumo ya Unix ni GDB, kilichoanzishwa na Mmarekani Richard Stallman mwaka 1986. Kijana huyo alikizoea kwenye Linux. Tarakilishi hiyo imekufa, naye amepata Mac ya mitumba. Kwa kuwa Mac nayo ni ya ukoo wa Unix, anatarajia mambo yaende kama zamani. Programu ya magunia inakubali makao mapya bila ubishi. Kitatuzi kinagoma.

Programu ya kawaida huomba mambo ambayo jamaa wa Unix wamekwisha kuafikiana: kufungua faili, kusoma, kuandika. Mwafaka huo umo katika kanuni ziitwazo POSIX, zilizotolewa mara ya kwanza mwaka 1988. Kitatuzi huomba jambo zito zaidi, nalo ni kuingia katika kumbukumbu ya programu isiyo yake. Ruhusa hiyo hutolewa na kiini cha mfumo, na POSIX haikuiwekea utaratibu. Kila mtengenezaji akajijengea mlango wake.

Kwenye Linux, mlango huo huitwa ptrace. FreeBSD pia ina ptrace, lakini majina ya maombi na namna ya kupokea majibu hutofautiana. Solaris hutumia faili zilizo chini ya /proc. Kwenye Mac, ptrace ipo ila imepunguzwa makali. Kumbukumbu husomwa kupitia sehemu ya kiini iitwayo Mach, ambayo hudai kitatuzi kiwe na saini ya kidijitali. Bila saini hiyo mtumiaji wa kawaida hukataliwa, ijapokuwa programu anayotaka kuipekua ameiandika mwenyewe.

Ni kama Mbukusu wa Kamukuywa anayefika kwa Wamaragoli wa Vihiga. Wote ni Waluhya, lakini hawezi kudhani kwamba kila neno lake litaeleweka.

Hata muundo wa faili za programu si mmoja. Linux, FreeBSD na Solaris hutumia ELF, ilhali Mac hutumia Mach-O. Kichakataji nacho kikibadilika, kazi huongezeka: Apple ilipoanza kuuza Mac zenye kichakataji chake mwaka 2020, GDB haikuweza kupekua programu zilizoundwa kwa ajili ya mashine hizo. Apple yenyewe ilikuwa imekwisha kuhamia kitatuzi kingine, LLDB.

Kuna njia ya kugawa kazi. Programu ndogo huwekwa kwenye mashine inayochunguzwa, na kitatuzi chenyewe hubaki kwenye tarakilishi nyingine. Ndivyo simu za Android zinavyochunguzwa. Hata hivyo, hiyo programu ndogo ndiyo inayobisha mlango, hivyo nayo sharti iandikwe upya kwa kila mfumo.

Kijana huyo anaweza pia kuendesha Linux ndani ya Mac na kutumia GDB humo. Hapo atakuwa akipekua programu iliyoundwa kwa ajili ya Linux, ambayo kumbukumbu yake imepangwa vingine, na huenda ikayahesabu magunia yote mawili bila kosa.